Wanaoanza kuuza domeni Unguja na Pemba, someni hichi kabla kesi haijakufikeni

Nyie vijana mnaoanza kusajilia watu domeni, yaani majina ya tovuti kama yale ya .com, nakwambieni nilojifunza kwa hasara maana mie hakuna alonambia. Ugomvi wa jina la intaneti hauamuliwi kwa kuitwa ukajieleza, anaeamua kwa kawaida hakuoni wala hakuskii, anasoma makaratasi tu, kwahiyo haki yako inategemea ulichokiweka kabla ya ugomvi.

Kuna nyumba ya wageni Jambiani nilikuwa nawasaidia, jina lao la .com alisajili fundi alowatengenezea tovuti, kaandika jina lake yeye na imeili yake ya zamani. Kampuni moja ya nje ikalalamika kuwa linafanana na alama yao ya biashara. Kwa UDRP, utaratibu wa kuamua ugomvi wa majina uliowekwa tangu 1999 na ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, una siku 20 za kujibu, sie zimekwisha hatujui hata kama kuna kesi, barua zilikuwa zinaingia kwenye imeili asofungua mtu. Kutojibu si kushindwa hapo hapo, mwamuzi bado anatakiwa apime ushahidi, lakini ushahidi wenyewe ulikuwa wa upande mmoja, apime nini? Jina likaenda.

Na tungeweza kushinda, ndo linaloniuma mpaka leo. Mlalamikaji lazima athibitishe mambo matatu yote: jina linafanana na alama yake, wewe huna haki nalo wala maslahi halali, na ulilisajili na ukalitumia kwa nia mbaya. Leseni ya biashara, risiti za wageni, picha ya kibao mlangoni, vyote tulikuwa navyo, vimekaa kabatini.

Kama ni haki? Mie naona imelalia upande wa mwenye pesa. Mlalamikaji ndie anaechagua kituo cha kuamua, pale WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki na alama za biashara, kesi ya mwamuzi mmoja inaanzia dola 1,500, na ukishindwa hakuna rufaa ndani ya utaratibu ule, una siku 10 za kazi kuonesha umeshafungua kesi mahakamani, na mahakama yenyewe pengine iko kwenye nchi ya kampuni ilokuuzia domeni. Nchi nyingi zimechukua mfumo huo kwa domeni zao wakabadilisha hapa na pale. Waingereza kwa .uk wameweka usuluhishi wa bure kwanza, ukijibu malalamiko mnakaa na msuluhishi kabla ya mtu kulipa mwamuzi, na rufaa ipo. Hivyo ndo napenda mie.

Sasa la kwetu, na hili wengi hawalijui. Alama ya biashara ilosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa Bara, haivuki bahari, Zanzibar ina sheria yake na inasajili BPRA, wakala wa huku kwetu, lakini .tz, domeni ya nchi, ni moja kwa pande zote mbili. Muuza viungo wa Darajani na mwenzake wa Kariakoo wanaweza kuwa na jina moja, kila mtu na cheti chake halali, na .co.tz anaipata alotangulia. Wa pili atalia kaonewa, wallahi hakuonewa, mwenzie jina ni lake vilevile, nia mbaya iko wapi hapo?

Kwahiyo mteja akija, sajili kwa jina lake, imeili yake anayoifungua kila siku, na nambari ya simu inayopatikana. Ukiweka yako eti akikosa kulipa umbane, siku ya kesi wewe ndo mlalamikiwa.