Mche umelegea na udongo bado umelowa? Usiongeze maji

Juni ikiingia Arusha, wingu likafunika Meru kutwa nzima, miche ya ndani huanza kufa kwa maji. Nakuza nyanya, pilipili na hoho kwenye ndoo, dirishani na chini ya taa, kwa sababu nyumba za kupanga tunazoishi wengi wetu hazina hata kipande cha uwanja. Majirani wenye miche kama yangu huniletea yao katika miezi hii ya baridi, na kisa karibu kila mara ni kimoja. Januari ndoo ya lita 10 ilikuwa inakauka upesi kwa jua la dirishani. Sasa jua hakuna, hewa ina ubaridi, majani hayapotezi maji mengi, na udongo ule ule unabaki na unyevu kwa siku nyingi. Lakini mkono umeshazoea kumwagilia kila asubuhi.

Jambo ninalotaka ulishike ni hili: mmea uliozidiwa na maji hulegea sawa na mmea wenye kiu. Mizizi inapumua. Inahitaji oksijeni iliyomo kwenye nafasi ndogo ndogo za udongo, na nafasi hizo zikijaa maji hewa haipiti, maana oksijeni husafiri ndani ya maji kwa shida kubwa, karibu mara 10,000 polepole kuliko hewani. Mzizi uliokosa hewa unashindwa kufanya kazi, pamoja na kazi ya kunyonya hayo maji yaliyouzunguka. Juu majani yanalegea. Mwenye mche anaona kiu, anaongeza kopo jingine. Hapo ndipo miche mingi inapomalizikia.

Dada mmoja wa mtaa wa Sakina alikuja na hoho yake kwenye ndoo. "Shikamoo dada. Naumwagilia asubuhi na jioni, na bado umelala tu." Nikamwambia, "Marahaba mdogo wangu, hebu inyanyue hiyo ndoo." Ilikuwa nzito kweli kweli. Uzito wa ndoo unakuambia zaidi ya rangi ya udongo wa juu, kwa sababu juu kunaweza kuonekana kumekauka na chini kukawa tope tupu. Zoea kuinyanyua ikiwa imetoka kumwagiliwa na ikiwa imekauka. Baada ya muda mfupi mikono inajua yenyewe.

Kisha shika jani. Jani la mmea wenye kiu ni jepesi na laini kama kitambaa, na kingo zake huanza kukauka. Jani la mmea uliozidiwa maji bado ni nene, limejaa, ila limejikunja kuelekea chini, na majani ya chini kabisa yanageuka njano. Kwa nyanya kuna dalili iliyo wazi zaidi: kikonyo chenyewe kinapinda kwenda chini ilhali jani halijasinyaa. Hiyo inatokana na gesi ya ethilini, ambayo mmea huitengeneza mizizi inapokosa hewa.

Kabla hujaendelea, hakikisha si ugonjwa wa mnyauko bakteria, maana nao huangusha nyanya ikiwa mbichi kabisa kwenye udongo wenye unyevu. Chagua mche ulio hoi zaidi, kata kipande cha shina karibu na chini, kitumbukize ncha tu kwenye glasi ya maji safi, usikitikise. Ukiona nyuzi nyeupe mfano wa maziwa zinashuka kutoka kwenye shina, ni bakteria. Mche huo hauponi. Uondoe pamoja na udongo wake, na ndoo uioshe vizuri. Naujua uchungu wa kuutupa mche ulioulea tangu mbegu, lakini ukiuacha hapo utaambukiza wenzake.

Kama ni maji tu, dawa ni kuacha kuongeza. Sahani iliyo chini ya ndoo imwage. Ndoo iinue juu ya vipande viwili vya tofali ili matundu yapate hewa, kisha iinamishe upande mmoja kwa saa chache. Maji yaliyotuama chini yatatoka mengi kuliko unavyodhani. Ukipitisha utambi wa kitambaa cha pamba kwenye tundu la chini, nao utayavuta. Toboa udongo kwa kijiti cha mishikaki sehemu kadhaa, ukikaa mbali na shina. Feni ndogo ikipuliza taratibu chumbani inasaidia sana. Jua kali liepushe kwanza, kwa kuwa mizizi iliyochoka haiwezi kupeleka maji ya kutosha kwenye majani yanayochomwa.

Na tafadhali, usiweke mbolea. Kwenye duka la pembejeo utapewa busta ya kila aina, na mtu mwenye huruma atakushauri urea kidogo kwa sababu majani yana unjano. Unjano huo hautokani na njaa. Chumvi za mbolea zitaiunguza mizizi ambayo tayari ni migonjwa. Majani pia usiyapunguze ovyo, mmea unayahitaji kujitengenezea chakula cha kuota mizizi mipya. Toa yaliyokwisha kuwa njano kabisa.

Siku chache zikipita na mche ukazidi kudhoofu, itakubidi uutoe uangalie mizizi. Ulaze, ugonge ndoo pembeni, uvute donge lote kwa pamoja. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya maziwa, na ukiivuta inakaza. Iliyooza ni ya kahawia, inateleza, ina harufu ya uvundo, na ukiibana kwa vidole ngozi ya nje inachomoka ukabaki na uzi mwembamba. Ikate yote kwa mkasi uliopanguswa kwa spiriti. Halafu panda upya kwenye chombo kidogo kuliko kile cha mwanzo. Wengi huhamishia kwenye ndoo kubwa wakidhani wanaupa nafasi, kumbe mizizi michache iliyobaki haiwezi kuyamaliza maji ya udongo mwingi, na kuoza kunaanza upya.

Udongo wa shambani hapa kwetu una rutuba, lakini ukiwa peke yake kwenye ndoo hushikana. Mimi nachanganya mboji, makumbi ya nazi yaliyosagwa, na maganda ya mpunga yaliyochomwa hadi yakawa meusi bila kufikia majivu. Maganda hayana shida kupatikana. Kule Moshi, ukanda wa chini, kwenye skimu za mpunga, mashine za kukoboa huyalundika. Kokoto chini ya ndoo achana nazo. Ni desturi ya zamani, ila maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Yanatuama juu yake, na mizizi inasogezewa tope karibu zaidi. Bora matundu mengi ya msumari wa moto.

Vile vijinzi vyeusi vinavyoruka ukigusa ndoo navyo ni ishara ya maji mengi. Viluwiluwi vyao huishi kwenye udongo wa juu wenye unyevu na kutafuna vijizizi. Udongo wa juu ukikauka, wanapungua. Karatasi za njano zenye gundi zitanasa waliobaki.

Kupona utakuona kwenye ncha, si kwenye majani ya zamani. Jani lililogeuka njano halirudi kijani, kwa hiyo usilitazamie. Tazama jani jipya likichomoza likiwa limesimama, kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi mbili. Hapo ndipo urudishe mwanga taratibu, na mbolea kwa nusu ya kipimo cha kwenye pakiti. Kumwagilia kuwe kwa kushibisha mpaka maji yatoke chini, kisha usubiri ndoo iwe nyepesi.

Wenye nyanya mna njia mbili za ziada. Ya kwanza ni ya msimu ujao: World Vegetable Center, shirika la kimataifa la utafiti wa mboga, ambao wana kituo Tengeru, wanapendekeza kupandikiza nyanya juu ya shina la bilinganya, kwa kuwa mizizi ya bilinganya huvumilia maji yaliyotuama na mnyauko bakteria. Ya pili ni ya leo. Kama mizizi imekwisha kabisa lakini ncha bado ni nzima, kata sentimita 15 hivi, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanganyiko wenye unyevu kidogo, uweke kivulini. Shina la nyanya huota mizizi upesi. Hoho na pilipili hazina wepesi huo. Kwa hizo, anza kusia mbegu Agosti joto linaporudi.