Glasi ya kostiki? Iweke chini kwanza

Dada unayeuliza kutoka Lira, Uganda, unataka sabuni ya mtoto kwa mafuta ya shea, unauliza rangi, harufu na kibali, halafu katikati unapitisha kimyakimya "glasi moja ya kostiki kwa lita moja ya mafuta". Kostiki ni soda kali (sodiamu haidroksaidi) inayogeuza mafuta kuwa sabuni, na glasi hiyo ndiyo iliyozika kilo 20 za mafuta yangu.

Glasi ya mililita 250 ikijaa kostiki hubeba zaidi ya gramu 200. Lita ya shea ina kama gramu 910, na kila gramu inataka kostiki gramu 0.128. Piga hesabu: haifiki gramu 120. Iliyozidi inakwenda wapi? Kwenye ngozi ya mtoto. Na glasi yenyewe haina msimamo: kostiki ya vipande ina hewa katikati, ya punje inashikana, na iliyokaa wazi dukani imeshakunywa unyevu.

Usidanganywe kwamba "ikikaa itapoa". Wiki 4 za kukauka zinatoa maji, hazileti mafuta ambayo hayamo. Mche wa sabuni hiyo unakatika kama chaki, ukiugusa kwa ncha ya ulimi unapiga kama betri ya redio. Ungeweza kuuyeyusha na kuongeza mafuta, lakini kiasi gani, ikiwa hujui kostiki ni gramu ngapi? Yule mwalimu wa semina ya siku moja aliyeniuzia fomula ya glasi alijibu: "Ongeza kidogo kidogo." Cheti alinipa, kina muhuri wa dhahabu. Sabuni ikabaki ya kusugulia kutu, na nadhani hata kutu ililalamika.

Pima kwa gramu. Kila kitu, hata maji. Kilo 1 ya mafuta, gramu za kila aina mara kostiki inayotakiwa na gramu moja: mawese 600 × 0.142, nazi 250 × 0.183 (nazi ndiyo povu, shea peke yake haina povu la maana), shea 150 × 0.128. Jumla ni kostiki gramu 150. Punguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki huru: kostiki gramu 142, maji 285. Kostiki ndiyo inayomwagwa kwenye maji, kamwe si maji juu ya kostiki. Sufuria ya alumini usiiguse, italika huku ikitoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Ukibadilisha mafuta hata aina moja tu, hesabu inaanza upya.

Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha. Inunue kabla ya hayo manukato.