Batalii njo banaharibu Virunga? Mi nilibebaka mizigo yabo, musikilize kidogo

Kuna ndugu aliuliza hapa kama utalii njo unaharibu parke ya Virunga, ile pori ya serikali kando ya Goma, Kongo, na mwingine akamujibu eti bazungu bakikoma kuja pori itapumuzika. Mi nilibebaka mizigo ya batalii pale kwenye volkano ya Nyiragongo mbele ya corona, kutoka Kibati, kule chini safari inaanziaka, paka kwenye mdomo ya volkano, basi niseme yenye niliona na macho yangu.

Uchafu iko, sitabadanganya. Mutalii moja anakuja na chupa za plastike, bisikiti za sashe-sashe, makopo ya samaki, na kule juu ni mita 3,470, baridi ya kukata masikio, hakuna kitu inaoza haraka. Kila kitu yenye ilipanda ilikuwa na lazima ishuke, na ni sisi baporteri tulikuwa tunaishusha, lakini mvua ikikukuta juu ya yale mawe ya lava na mugongo unauma, utaona mwenzako anainama sawa vile anafunga kamba ya kiatu, kumbe anasukuma sashe chini ya jiwe. Mi pia nilifanyaka hivyo mara moja.

Lakini yenye ilikuwa inaniuma roho ni makala, ni kusema makaa ya miti ya kupikia. Busiku kule juu bageni banatetemeka, mupishi anawasha mbabula, ile jiko ya makala, kwa hiyo kila safari moja wetu alikuwa anapanda na makala mugongoni. Tulikuwa tunayanunua chini, kando ya barabara, na hapa Goma nani hajui kama makala mingi inatokaka ndani ya parke yenyewe? Mutu amelipa mamia ya dola aone pori, halafu anaota moto ya miti ya ile ile pori! Siku moja mama muzungu aliuliza hii makala inatoka wapi, gidi akamujibu haraka haraka "mashambani", na mi nikaangalia chini.

Kwa gorila ni mambo ingine, kule hatari kubwa ni mafua yetu. Mwaka 2009 upande wa Rwanda gorila bawili, mwanamuke mukubwa na mutoto muchanga, balikufa wakati virusi ya batu iliingia ndani ya kikundi yabo, njo maana ukienda kubaona unavaa maski, saa moja tu, na ukiwa unakohoa unabaki. Batu banafikiri ni kiburi ya bagaridi.

Sasa ile maneno ya "bakikoma kuja". Balikoma! Mwaka 2018 parke ilifungiwa batalii paka mwanzo wa 2019, halafu 2020 corona ikafunga tena. Baporteri tukabaki bila kazi, na bawili benye nilipandaka nabo balienda wapi? Kwa makala. Moja alikuwa anasukuma chukudu, ile kinga ya mbao, ya magunia ya makala kutoka Kibumba paka Goma, nikamuuliza, akanijibu batoto hawakuli volkano. Na kama munakumbuka, UNESCO iliandika Virunga kwenye orodha ya urithi wa dunia wenye uko ndani ya hatari mwaka 1994, mwaka ule wa kambi za wakimbizi za Kibumba na Mugunga, miti ikaenda kwa kuni. Ile haikukuwa kazi ya batalii.

Sisi bote wa Goma tunapikia maharagi kwa mbabula masaa tatu, hata ine. Umeme ya Matebe, ile barrage ya maji kule Rutshuru, ilianza kutoka mwaka 2015, na kwangu iko, lakini ni ya taa na telefone, sufuria bado iko kwa makala, kwa sababu plake ya umeme ni bei.

Siku batalii bakirudia vizuri, ningekuwa mukubwa pale ningekataza makala kupita Kibati, gazi tu. Hata kwa porteri ni afazali, kwa sababu gazi haichafue mugongo, niko na shati mbili za ile kazi paka leo hazijatakata.