Waimbaji 11 katika nafasi nne

Swali la juma hili ni hili: kundi la waimbaji likibadilisha watu wake wote, je, bado ni kundi lile lile? Nimeimba besi, sauti nzito ya chini kabisa, miaka 22 katika kundi ambalo waanzilishi wake wote wanne tumeshawazika, kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, na nitalitetea. Ila ninalo na la pili, ambalo huniuma zaidi: watu wanaweza kuwa wale wale, kundi likawa limeondoka. Yote mawili yametufika.

Sisi ni kwarteti, yaani kundi la waimbaji wanne, ya wanaume wa Kisumu Ndogo, hapa Malindi. Tenori wa kwanza mwenye sauti ya juu kabisa, tenori wa pili ambaye ndiye anayebeba wimbo, baritoni aliye chini yake, na besi. Hakuna kinanda, hakuna ngoma. Baba yangu alikuwa seremala. Alikuja pwani kutoka Shirati, upande wa Tanzania, kutafuta kazi kwenye ujenzi wa hoteli, na 1981 akaanza kuimba na mwenzake wa kwao aliyekuwa mpishi. Wote wawili walilelewa katika Kanisa la Mennonite. Wa tatu alikuwa karani, na wa nne fundi baiskeli, Mgiriama, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kulisikia jina Mennonite. Tangu hapo nafasi hizo nne zimekaliwa na watu 11.

Utaratibu wa kurithishana aliuweka baba. Anayeingia husimama mwaka mzima begani kwa anayetoka, akiimba sauti ile ile kwa chini, mpaka siku mkubwa wake anaponyamaza katikati ya ubeti bila kumwonya. Mimi nilinyamaziwa kwenye matanga ya jirani, ubeti wa tatu, na nakumbuka hadi leo magoti yalivyonilegea. Daftari la solfa, yaani do, re, mi, tunalo, limeandikwa kwa mkono wa baba, lakini daftari halionyeshi mahali pa kuiba pumzi. Wala halisemi kwamba besi wetu huchelewa kidogo kuliachia neno la mwisho ili wengine wapate pa kutua. Hayo mtu huyapata akiwa amesimama begani kwa mwenziwe.

Nilidhani haya ni ya baba peke yake mpaka nilipoanza kusoma habari za watu waliomfikishia nyimbo. Wamennonite wanaitwa hivyo kwa Menno Simons, padri wa Friesland, Uholanzi, aliyeacha upadri 1536. Imani yenyewe ilikuwa imeanza Zürich, Uswisi, mwaka 1525, watu wazima walipobatizana upya, jambo ambalo baadaye liliwapeleka wengi kwenye kifo. Mmoja wa wale wa mwanzo, Conrad Grebel, alikuwa ameandika barua mwaka 1524 akipinga kuimba kanisani. Kisha 1535 kundi la waumini kama hao waliokuwa wakikimbia kutoka Moravia wakakamatwa na kufungwa katika ngome ya Passau, Ujerumani, juu ya mto Danube. Mle gerezani wakatunga nyimbo. Zaidi ya 50 zilichapishwa 1564, na ndizo zikawa kiini cha kitabu kiitwacho Ausbund, ambacho Waamish, ndugu wa karibu wa Wamennonite, wanakiimbia mpaka sasa.

Kitabu hicho kina maneno tu, hakina noti hata moja. Mahadhi yake yamepita kwa mdomo na sikio, karne baada ya karne, polepole mno. Wimbo wa pili wa ibada yao ni ule ule kila wakati, una beti nne, na huweza kuchukua dakika 20. Nilipolisoma hilo niliweka kitabu chini nikaenda kumwambia tenori wetu wa kwanza. Wale wa Passau hawapo hata mmoja, na bado wanaimba. (Wasomaji wa huku kwetu wasiojali mambo ya kanisa watazame Ikhwani Safaa ya Unguja, kundi la taarabu lililoanzishwa 1905. Nani huuliza kama bado ni Ikhwani Safaa?)

Sauti nne zilikuja baadaye. Wazee wa zamani waliimba sauti moja. Mwaka 1832 Joseph Funk, Mmennonite wa bonde la Shenandoah huko Virginia, Marekani, alitoa kitabu cha nyimbo chenye noti za maumbo: mi ni kama almasi, sol ni duara, la ni mraba. Toleo la 1851, lenye jina Harmonia Sacra, likawa na maumbo saba, moja kwa kila sauti ya solfa. Mkulima asiyejua kinanda aliweza kuliona umbo akajua aimbe nini, na hivyo kanisa zima, benchi kwa benchi, likawa kwaya. Lakini watu wanne kusimama mbele peke yao na kuimbia wengine? Hilo wazee wengi walilikataa kwa muda mrefu, wakisema ni kiburi. Redio ilichangia kuwalainisha. Kipindi cha The Mennonite Hour, kilichoanza 1951 huko Harrisonburg, Virginia, kilirusha nyimbo hizo za sauti nne bila ala. Nilipokuwa kijana niliwaona wazee wale kuwa wagumu kupita kiasi. Siwaoni hivyo tena.

Shirati ilifikiwa 1934, na Wamennonite wawili waliotoka Pennsylvania, Marekani, Orie Miller na Elam Stauffer. Baba alikuwa na miaka 16 Zedekia Kisare alipowekwa wakfu 1967, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kanisa la Mennonite la Tanzania. Besi baba alifundishwa na mjomba wake, bega kwa bega.

Hapa Malindi mwalimu wetu alikuwa mwingine. Wazee walifanya mazoezi Jumatano chini ya mwarobaini, wakinyamaza adhana inapotolewa na kuanza tena ikiisha. Ukuta wa pili alikaa Bi Mkubwa mmoja, Mswahili na Mwislamu, na jioni moja alitoka mlangoni akawauliza, "Wanangu, mwaimba Zaburi ama mwaimba saburi?" Kijaluo hakina z wala sh, na baba na mwenzake mpishi waliitamka s kila mahali: saburi, sukrani, msukuruni. Saburi nayo ni neno zuri, akawaambia, lakini mwataka lipi? Kuanzia siku hiyo kila wimbo mpya ulipita kwake kwanza. Hakuwa akiimba. Aliketi na ukili wake, akisuka, na neno likiharibika aliinua kichwa. Alituachia matamshi ambayo mpaka leo watu husema, hawa wanne ni wa pwani. Kwa hiyo mkinihesabia waimbaji 11, mimi huhesabu 12.

Sasa jibu langu la pili. Mwaka 2009 tulikwenda kurekodi katika studio moja, mimi na wenzangu watatu, wote tumeimba pamoja si chini ya miaka mitatu. Kijana wa mitambo alitutenga, kila mtu na chumba chake na vifaa vya masikioni, akatutaka tuimbe mmoja mmoja ili sauti azipange baadaye. Kisha akatia ngoma na kinanda, akanyoosha kila mahali palipopinda. Kule kuchelewa kwa besi kulikatwa, sehemu zote. Tulikubali. Tulipiga picha za jalada tumevaa suti za kukodi, na kwa miezi minane tuliitwa kwenye hafla, tukiweka kanda ile na kufumbua midomo juu yake. Walikuwa watu wale wale wanne, na jina lile lile. Mke wa marehemu baritoni wa kwanza alitusikia kwenye arusi, akanishika mkono nikitoka, akaniuliza kwa upole kabisa: "Baba zenu wanne mmewaacha wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Ndipo nikawaelewa wazee wa Virginia na hofu yao ya kiburi.

Kanda zilizobaki tuliziweka kando. Ilituchukua karibu mwaka kusikilizana tena, maana tulikuwa tumezoea kuimba bila kumtazama mwenzako akivuta pumzi.

Begani kwangu sasa anasimama mwana wa dada yangu, mwendesha tuktuk, ana miaka 24. Sauti yake ni nzito kuliko yangu. Kuchelewa ameshakupata, ila z bado humteleza akichoka, na mjukuu wa Bi Mkubwa humpigia kelele kutoka dirishani. Mwaka wake unatimia mwezi wa nane. Ubeti nimeshauchagua, wala sijamwambia.