Kwa wakunga wapya: mama akikwambia anakunywa

Wiki iliyopita, hapa Kisumu, nilimsikia mkunga mwanafunzi akimwuliza mjamzito, kwa sauti iliyofika hadi benchi la mwisho la kliniki, "Mama, pombe bado unatumia?" Mama akasema hapana, hapana ikaandikwa kijitabuni, akaitwa anayefuata. Wadogo zangu, nawapenda, lakini swali la namna hiyo mlilirithi kwetu sisi wakubwa, na ningependa mturudishie.

1. Ulizeni faraghani, na mwaulize wote, si yule tu anayenuka.

2. Anayekunywa kila siku msimwambie "acha leo". Akiacha ghafla bila kusimamiwa anaweza kupata degedege, ambayo mara nyingi huja kati ya saa 6 na 48 baada ya glasi ya mwisho. Hayo niliyajua kwa ajili ya mtihani. Mwaka wangu wa pili kazini, mama wa mimba ya tatu alilazwa akiwa na uchungu, na nilipokuwa nikifungua partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, aliniambia kwa sauti ya chini, "Sista, mimi hunywa chang'aa, asubuhi na jioni." Nilimjibu kwa sauti ya juu. Nilimwuliza kama hana huruma na kiumbe kilicho tumboni, hata mama wa kitanda cha pili akageuka kumtazama. Afisa wa kliniki alipomwuliza baadaye, alisema hajawahi kuonja. Nami niliyejua sikuandika kitu kwenye faili, nikijidai kwamba namsitiri. Alijifungua salama alfajiri. Usiku wake mikono ilimtetemeka hadi chai ikamwagikia shuka, nikadhani ni baridi, nikamwongezea blanketi. Kabla ya saa sita ya usiku degedege ikamwanza. Wenzangu walikimbilia kifafa cha mimba, na kwa habari waliyokuwa nayo hawakukosea, ingawa presha ilikuwa 130 kwa 80 na mkojo haukuwa na protini. Nilisimama na trei mkononi, jibu ninalo, mdomo haufunguki, kwa kuwa kusema kungenilazimu kueleza kwa nini halimo kwenye faili. Nilisema mwishowe; akapewa diazepamu ya kutuliza degedege na thiamini (vitamini B1), akapata nafuu. Alipozinduka, yeye ndiye aliyeniomba msamaha: "Pole sista, nimewasumbua."

3. Mama aliye kwenye methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, asikatishiwe dozi kwa sababu ya mimba. Miezi ya mwisho huenda akahitaji kuongezewa, na akiwa ametulia kwenye tiba anyonyeshe. Mtoto wake asiruhusiwe kwenda nyumbani mapema, kwani dalili za kuikosa dawa aliyoizoea tumboni, kama kutetemeka na kilio kisichobembelezeka, mara nyingi hutokea siku ya pili au ya tatu. Kwanza awekwe kifuani pa mama, taa zififishwe na kelele zipungue, hasa za ninyi wa zamu ya usiku mnaocheka pale mezani kana kwamba mko ufukweni Dunga mnasubiri samaki.

4. "Mlevi" si habari ya kuandika kwenye faili. Andikeni anakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi.

Yule mwanafunzi nilimtuma amfuate mama yule kwenye foleni ya maabara. Walirudi wote wawili, wakaingia chumba cha kupimia, wakafunga mlango.