Huyo samaki wa kioo ni wa enzi ya Qing kweli?

Dada, umeuliza kama samaki na farasi wa kioo, ambao muuzaji anadai ni wa enzi ya Qing (ukoo wa mwisho wa wafalme wa China), wanastahili bei ya vitu vya kale. Usilipe bado.

Mfalme Kangxi alianzisha karakana ya kioo ya ikulu mjini Beijing mwaka 1696, na mafundi wa enzi hiyo walichonga na kusugua kioo kama jiwe. Kwa hiyo chukua lenzi ya kukuzia uangalie magamba na manyoya: mistari iliyochongwa ina kingo kali, ila ya kioo kilichomiminwa kwenye kalibu huwa butu, na mara nyingi mshono huonekana tumboni. Viputo vya hewa visikudanganye, hata kioo cha leo huwa navyo. Angalia pia kitako. Kitu kilichokaa mezani miaka mingi huwa na mikwaruzo midogo isiyo na mpangilio.

Wachina wa enzi ya Han, karne nyingi kabla ya Qing, waliweka nyenze wa kioo mdomoni mwa maiti, badala ya jade, jiwe la thamani. Ukiuziwa huyo, dai kwanza hati za alikotoka, maana ni kitu cha kaburini.

Ukiwapenda tu kwa uzuri wao, nunua kwa bei ya pambo.