Pikipiki ndani ya pikapu: maswali yenu na majibu

Barua za safari hii zimejaa pikipiki zinazopanda magari: zinazopelekwa kwa fundi mjini, zilizonunuliwa mkononi wilaya nyingine, zinazorudishwa kijijini. Majibu yetu yamelenga pikipiki tulizozoea barabarani, cc 100 hadi 150 kama Boxer na TVS HLX, zenye uzito wa kilo 110 hadi 130 hivi, na pikapu ya ukubwa wa Hilux. Mwenye pikipiki kubwa ya kilo 200 na zaidi atafute trela fupi au rampu ya chuma na watu wanne. Hiyo si kazi ya ubao.

Ubao umetuchomokea

*Ndugu wahariri, tunapakia pikipiki kwa ubao mmoja wa futi 6. Mmoja wetu anaipanda, anatia moto na kuingia nayo. Juzi ubao ulichomoka, pikipiki ikaanguka na mwenzetu akaumia goti. Kosa liko wapi? – Fundi, Makambako*

Poleni. Makosa yako mawili, na ubao mfupi ni la pili. La kwanza ni kuipanda. Gurudumu la nyuma linapozungushwa na injini linajisukuma kwenda juu kwa kuusukuma ubao kurudi nyuma. Ubao usiofungwa unaondoka, na hapo dereva yuko karibu mita moja kutoka chini, mguu wake hauna pa kukanyaga. Pikipiki ipandishwe kwa kutembea nayo.

Ubao wenyewe uwe wa inchi 2 kwa 10, usio na jicho la tawi katikati, urefu wa futi 8 hadi 10. Sakafu ya mizigo ya Hilux iko kama sentimita 85 kutoka ardhini. Kwa ubao wa futi 6 mnapanda mwinamo wa nyuzi 28, ambao ni mkali. Futi 8 inaushusha hadi 20, na futi 10 hadi 16. Tena kuna njia isiyogharimu hata shilingi: tafuteni mahali ardhi imeinuka, kingo ya shamba au ya barabara, mrudishe gari nyuma hadi hapo. Mkipata tofauti ya sentimita 30 tu, ubao uleule wa futi 8 unakuwa na mwinamo wa nyuzi 13, na watu wawili wanamaliza kazi bila kutoa jasho.

Toboeni matundu mawili karibu na ncha ya juu ya ubao, mpitishe mnyororo au kamba nene, mfunge kwenye chuma cha gari chini ya geti, ivutwe hadi isilegee. Ncha hiyo iingie ndani ya bodi sentimita 15 au zaidi. Ubao uliolowa unateleza kama sabuni, kwa hiyo pigilieni vipande vya tairi kuukuu juu yake, misumari ikizama kabisa ndani ya mpira.

Sasa mpangilio wa watu. Mmoja anashika usukani upande wa kushoto, akitembea juu ya ubao wa pili uliowekwa sambamba. Mwingine yuko nyuma, anasukuma keria. Wa tatu, akipatikana, yuko ndani ya pikapu kupokea gurudumu la mbele. Injini inaweza kusaidia: gia ya kwanza, klachi nusu, mafuta kidogo sana. Anayesukuma keria asimame pembeni ya gurudumu, asiwe nyuma yake, maana ikirudi inarudi moja kwa moja. Pikapu iwe na hendibreki juu, gia ndani na jiwe kwenye kila tairi la nyuma.

Mahali panapowashinda wengi ni pale gurudumu la mbele limeshaingia na la nyuma bado liko kwenye ubao, kisha tumbo la injini linakwama kwenye ukingo wa geti. Dalili ya mwinamo mkali hiyo. Msivute kwa nguvu. Inueni ncha ya chini ya ubao kwa jiwe pana au kreti, mwinamo upungue, ndipo mwendelee.

Naifunga pande zote nne, bado inalala

*Shikamooni. Nasafirisha pikipiki za wateja kati ya Kahama na Tabora. Nazifunga kwa manila pande nne, zinakaza kabisa, lakini nikifika zimeegemea upande, na moja ilivunja kioo na indiketa. Nibadilishe kamba? – Msomaji, Kahama*

Marahaba. Kamba utabadilisha, ila kwanza badilisha namna unavyoifikiria kazi hii. Watu wengi wanaifunga pikipiki kama mti wa bendera: kamba nne zinazovutana ili isianguke. Pikipiki ina shokapu. Kwenye kila shimo zinabonyea, kamba zinalegea kwa sekunde moja, na katika sekunde hiyo gurudumu la mbele linahama. Likishahama sentimita tano, kamba ya upande mmoja imekuwa ndefu kuliko inavyohitajika na ya pili imekuwa fupi. Hapo haijalishi ulikaza vipi asubuhi.

Kwa hiyo anza na gurudumu la mbele. Lifike mpaka ukuta wa mbele wa bodi, ule ulio nyuma ya kabini, na kati yake na bati weka kipande cha mbao kinachosambaza uzito, vinginevyo bati litabonyea. Kisha lizuie lisiende kushoto wala kulia. Kifaa cha kutosha unakitengeneza mwenyewe: ubao wa inchi 2 kwa 8, urefu sentimita 60, juu yake vipande viwili vya 2 kwa 4 vilivyopigiliwa sambamba. Tairi ya mbele ya 2.75-17 ina upana wa sentimita 7 hivi. Acha nafasi ya sentimita 8 kati ya vipande hivyo.

Kamba mbili za mbele ndizo zinazobeba kazi. Zifungwe kwenye chuma kinachoshika shokapu mbili za mbele, juu ya madgadi, zielekee chini, mbele na nje, hadi pembe mbili za mbele za bodi. Usifunge kwenye ncha za usukani: usukani unazunguka ndani ya vishikizo vyake, na waya za klachi na breki zinabanwa. Kaza kushoto kidogo, kulia kidogo, kwa zamu, huku mtu akiikalia pikipiki na kuibonyeza, mpaka shokapu za mbele zishuke sentimita 4 au 5 kuliko zinavyokaa zenyewe. Zikishashuka hivyo, hata gari likiruka shimo zinabaki zikizisukuma kamba kwa juu, wala hakuna sekunde ya kulegea. Usizibane hadi mwisho. Zikikosa nafasi ya kucheza, kila kishindo kinaenda kwenye chuma na kwenye oili sili, yaani mipira inayozuia oili ya shokapu isitoke, na sili zikianza kuvuja utalaumiwa wewe.

Kamba mbili za nyuma kazi yake ni kuzuia mkia usitupwe pembeni. Zitoke kwenye fremu karibu na shokapu za nyuma, ziende chini na nje. Zisivute kuelekea nyuma kwa nguvu, kwa sababu zitapingana na zile za mbele na kuliondoa gurudumu kwenye ukuta uliolisogeza hapo makusudi.

Tukija kwenye manila: kamba ya nailoni hunyooka, na ikilowa hunyooka zaidi. Ile ya plastiki inayong'aa inayeyuka ikigusa ekzosi ya moto. Katani hainyooki sana, lakini mvua ikiipiga inajikaza, ikikauka inalegea. Bora mikanda ya polisita yenye racheti (kikazio cha meno), upana wa milimita 25 au zaidi. Soma lebo iliyoshonwa: LC 250 daN maana yake unaruhusiwa kuuvuta kwa nguvu kama ya kilo 250. Mkanda usio na lebo ni wa kufungia godoro. Kanuni za kufunga mizigo za Ulaya na Marekani zinataka mzigo uhimili kwenda mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake na pembeni asilimia 50. Kwa pikipiki ya kilo 120 hizo ni kilo 96 na 60. Mikanda minne ya 250 inazimudu, hata ukizingatia kwamba imekaa mshazari na haivuti yote upande mmoja.

Ndoano za mkanda ziwe na kifungio au uzizungushie mpira, maana ndoano wazi huchomoka mkanda ukicheza. Upe mkanda msokoto mmoja kabla ya kuukaza, hautapiga kelele kwa upepo. Ncha inayobaki ifungwe. Ikiachwa ipeperuke hufungua racheti au hunaswa na tairi la nyuma la gari lako.

Baada ya kilomita 10 simama, ukaze tena. Kwenye barabara ya vumbi simama mapema zaidi.

Stendi

*Tukishafunga, tuiache juu ya stendi ya pembeni au ile kubwa ya kati? – Msomaji, Mbinga*

Zote mbili zikunjwe. Ya pembeni inachukua uzito wa kila kishindo na kupinda, au kutoboa sakafu. Ya kati inaruka na kujikunja yenyewe njiani, na kamba zote zinalegea kwa mpigo. Pikipiki isimame kwa magurudumu mawili, gia ya kwanza ikiwa ndani.

Utingo ashikilie?

*Hamjambo wahariri. Huku Kisii boda ikibebwa, kijana hukaa nyuma akiishikilia, na tunaongeza blada mbili za mpira wa tyubu. Si inatosha kwa mwendo mfupi? – Msomaji, Kisii*

Hatujambo. Haitoshi hata kwa kilomita mbili. Breki moja kali inaitaka mikono ya kijana izuie kilo 96 tulizozitaja juu, naye mwenyewe hana alichojishikia. Akishindwa, pikipiki inamwangukia. Blada nazo ni nzuri kwa kreti la mayai: kazi yake ni kunyooka, na pikipiki ndiyo mzigo usiotakiwa kupewa kitu kinachonyooka. Zitumie kufunga wenzo wa breki ya mbele, pale zinafaa sana. Kijana akae kabini.

Bodi fupi ya dabo kebini

*Nina dabo kebini. Geti halifungi pikipiki ikiwa ndani. Je, naweza kusafiri likiwa wazi? – Msomaji, Njombe*

Bodi ya dabo kebini ina urefu wa kama mita 1.5. Boxer kutoka ncha ya tairi ya mbele hadi ya nyuma inafika mita 1.8 na kitu, kwa hiyo ikinyooka haiingii. Ipange mshazari: tairi ya mbele ipigwe kwenye pembe ya mbele ya kushoto, ya nyuma isogezwe pembe ya nyuma ya kulia. Mshazari wa bodi yenye upana kama urefu wake unakaribia mita 2.1, na mara nyingi geti linafunga, labda madgadi ya nyuma ikichungulia juu yake. Kwa mpangilio huu mikanda ya mbele haitakuwa na urefu sawa. Si tatizo, mradi zote mbili zivute kuelekea mbele.

Ikibidi geti libaki wazi, gurudumu la nyuma likae juu ya sakafu ya bodi kadiri inavyowezekana. Geti linaning'inia kwa nyaya au vyuma viwili vyembamba, na kila shimo linauzidisha uzito uliokaa juu yake. Hakikisha taa za nyuma na namba ya gari havijafichwa, funga kitambaa chekundu mwisho wa pikipiki, na usiku uweke taa nyekundu.

Tuliilaza juu ya magunia

*Gari lilikuwa na mahindi, tukailaza pikipiki juu. Tulipofika haiwaki na kiki imekuwa ngumu. – Msomaji, Sumbawanga*

Usiilazimishe kiki. Oili ya injini au petroli ya kabureta huenda imeingia juu ya pistoni, na kimiminika hakibanwi kama hewa. Ukikanyaga kwa nguvu unapinda koni rodi. Funga koki ya mafuta, toa plagi, funika tundu kwa kitambaa, kanyaga kiki taratibu mara kumi hivi mpaka kisitoke kitu. Fungua eya klina, ikiwa imelowa oili ioshe au uibadilishe. Nusa oili ya injini: ikinuka petroli, imwage yote, ni kama lita moja tu. Ikiwaka itatoa moshi kwa dakika chache, usiogope. Betri ya maji huenda imemwaga asidi. Mwagia fremu na cheni maji mengi leo, si kesho.

Siku nyingine mkilazimika kuilaza, mwageni petroli ya tangi na ya kabureta, mtoe betri kwanza.

Kushusha

*Kupandisha tunaweza. Kushusha ndiko kunatutoa roho. Breki ya mbele haishiki kabisa. – Msomaji, Mpanda*

Inashika, ila gurudumu lenyewe halina uzito. Pikipiki ikishuka kinyumenyume, mzigo wote umekwenda gurudumu la nyuma, la mbele limekuwa jepesi. Ukiminya breki yake linajifunga na kuteleza, na usukani unapotea. Tumia gurudumu la nyuma. Zima injini, ingiza gia ya kwanza, bana klachi, sukuma hadi gurudumu la nyuma liwe kwenye ubao. Ukiachia klachi, injini inalizuia gurudumu; ukiibana kidogo, linashuka. Unaishusha hivyo hatua kwa hatua, mwenzio akiwa ameegemeza bega pembeni ya keria. Fungua mikanda ya nyuma kwanza, na ya mbele mtu akiwa tayari ameshika usukani, kwa sababu shokapu zilizobonyea huruka juu mara racheti inapoachia. Ikishagusa ardhi fungua koki ya mafuta kama ilifungwa, subiri kabureta ijae, ndipo upige kiki.